Ukungu Nilioufuta

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kihesa hatujambo. Bibi yako amemaliza kupalilia mahindi na goti lake limepata nafuu. Umeniuliza kama barua yako ya kuomba kazi iseme "I believe", yaani naamini, au "I firmly believe", naamini kwa dhati. Siwezi kukuchagulia. Nitakueleza tu lililonipata mimi.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani bomani Iringa, nikitafsiri maneno ya mashahidi kwa Bwana Shauri, yule ofisa Mwingereza aliyekuwa akiamua kesi. Katika kesi ya wizi wa ng'ombe, mzee mmoja wa Kihehe alisema, "Nilimwona, ila kulikuwa na ukungu." Mimi nikaandika "I clearly saw him", nilimwona waziwazi. Shuleni tulizoeshwa kwamba Kiingereza cha ofisini hakipendezi bila neno la kukazia. Ukungu sikuuandika. Bwana Shauri akanisifu kwa Kiingereza changu, na mshtakiwa akafungwa.

Tulipotoka, yule mzee alinisubiri mlangoni.

"Mwanangu, na habari ya ukungu umemwambia?"

Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Kabisa."

Babu yako