Zabibu Kabla ya Baraka

Burnsville, 6 Julai 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Najua masikio yako hayataki simu tena, kwa hiyo nimerudi kwa kalamu kama zamani.

Nina habari njema. Pale Maplewood, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, namtunza mzee Hrant, Muarmenia wa miaka themanini na sita. Kwao wanatengeneza mvinyo katika mitungi ya udongo iliyozikwa ardhini hadi shingoni. Mtungi mmoja wanauita karasi, na mtu mzima anaweza kuingia ndani akausugua. Mpwa wake ameifanya nyumba yao kuwa ya watalii. Wageni wanatoka mbali kuja kukanyaga zabibu na kulala pale! Mzee anataka kuona mavuno ya mwisho na kuugusa mtungi aliouzika baba yake.

Binti yake, Anahit, amekata tiketi za Septemba, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Nikirudi nitapitia nyumbani, siku kumi nzima. Baada ya miaka tisa, Baba! Kibali changu cha kutoka na kurudi kinaisha mwishoni mwa Oktoba. Kimebaki kitu kimoja tu: daktari ampime mzee tarehe 14 Agosti, aseme anaweza kupanda ndege.

Mama yako, Jedidah

Kerugoya, 20 Julai 2025

Mama,

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, nakusalimu. Goti ni lile lile, linanitabiria mvua na kunidanganya.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mitungi ndani ya ardhi! Kumbe wazungu nao wana akili. Mimi nimeanza kutafuta asali safi, na kibuyu cha muratina nimekiosha. Ile pombe nitaitengeneza wewe ukiwa njiani, na hakuna atakayeionja kabla hujafika, hata mimi mwenyewe. Kaka yako Francis ameanza kunung'unika. Mwache anung'unike.

Baba yako

Burnsville, 3 Agosti 2025

Baba,

Natumaini hujambo. Mimi moyo hauko sawa.

Mzee Hrant hali chakula. Kwa kuwa haachi kuzungumzia zabibu, nilimnunulia nzuri, nyeusi. Akasukuma sahani. Nikawaambia watu wa jikoni kwamba anazipenda sana, wakaanza kumtilia kwenye uji, kwenye maziwa ya mgando, kila mlo. Anafunga mdomo kama mtoto. Kiingereza kinampotea siku hizi, amebakiwa na neno moja: "Bado." Nikimuuliza njaa itakuja lini, ananijibu, "Bado, bado."

Kazini tunaandika tunachokiona. Wiki tatu sasa naandika kwenye faili: anakataa kula. Kilo nne zimeondoka. Daktari atasoma hayo Alhamisi ile ya tarehe 14. Niombee.

Jedidah wako

Kerugoya, 18 Agosti 2025

Mama,

Barua imefika leo, na nakujibu kabla sijavua koti.

Huyo mzee hakatai kula. Anangoja! Muulize kama zabibu zimeombewa. Hapa kwetu umewahi kuniona nikipeleka pembe ya pombe mdomoni kabla wazee hawajamwaga ya kwanza chini? Mtu aliyelelewa hivyo hawezi, hata umpige. Waambie wamtolee zabibu kwenye uji. Nenda kwa daktari ufute ulichoandika. Nenda leo.

Baba yako

Burnsville, 14 Septemba 2025

Baba,

Barua yako ilifika tarehe tano. Tulikuwa tumemzika tarehe mbili.

Tarehe 14 Agosti daktari alisoma faili, akasema hasafiri. Jumapili ile, tarehe 17, Anahit akaja kutoka kanisani kwao na mfuko wa zabibu. Ndiyo siku padri wao anapozibariki, na kabla ya hapo hawaziweki mdomoni. Mzee alizila mpaka maji yakamtiririka kwenye ndevu. Anahit akacheka, akaniuliza, "Hakuna aliyekuambia?" Hakuna, Baba. Na mimi sikuuliza.

Tulimkimbilia daktari. Akasema atampima tena Novemba. Mavuno yatakuwa yamekwisha. Mzee alipoelezwa hivyo aligeukia ukuta, na safari hii alikataa kweli. Nikaandika maneno yale yale, kwa mkono ule ule.

Safari hakuna, maana nauli ilikuwa ya mzee. Pombe usiitengeneze. Nisamehe.

Jedidah

Kerugoya, 12 Oktoba 2025

Mama,

Anayeandika ni Fiona, mke wa Francis, maana mkono wangu haushiki kalamu. Nimelala hospitali siku ya sita, kifua.

Muratina nilikuwa nimeshaitengeneza barua yako ilipofika. Iko kando ya moto. Nimemmwagia mzee mwenzangu kidogo chini, mimi sijaonja. Hapa wananiletea uji, nawaambia bado. Nitakula na wewe. Wauguzi wanaandika andika kwenye karatasi zao. Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe sasa unajua kuuliza.

Baba yako

Burnsville, 2 Novemba 2025

Baba,

Kula.

Fiona anasema amekupelekea ujumbe wangu kila siku, nawe unasema maneno ya simu si maneno, unangoja karatasi. Hii ndiyo karatasi. Huu ni mwandiko wangu, unaujua. Kibuyu kiletwe hapo kitandani, Francis amwage ya kwanza sakafuni, wewe unywe ya pili. Mimi niliyebeba jina la mama yako nimekuruhusu. Usiningoje.

Kibali kimekwisha. Nimeomba kingine, na kila asubuhi nawapigia watu wa uhamiaji kuuliza kama kimetoka. Wananijibu neno lile la mzee Hrant.

Barua hii itachukua wiki mbili, labda tatu. Kula, Baba. Nakuomba, kula.

Mama yako, Jedidah