Aya Niliyoiruka

Kibiti, Jumatatu

Kwa dada yangu mpendwa Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na mtoto. Sisi huku afya tunazo, ila mimi usingizi sina, na kwenye simu siwezi kusema maana mama huweka spika.

Dada, ile kesi ya wakulima wa Mkongo imekwisha. Walilalamika kwamba mpunga waliouweka kwenye ghala la kampuni ya baba uliuzwa bila wao kujua, na jaji amekubaliana nao. Hukumu imekuja kwa Kiingereza. Wakili kasafiri, baba akaniita nimsomee. Akasema si ndiyo maana nimesomeshwa. Nikamtafsiria kwamba kampuni imeshindwa, kampuni ilipe. Akacheka. "Kampuni ina nini? Mzani mbovu na kibao. Kampuni si mimi." Sasa hata rufaa hataki kusikia.

Jana alikuja mtu na futi ya kupimia. Akazunguka nyumba, akauliza vyumba vingapi. Baba akadhani ni fundi wa umeme, akamkaribisha kahawa. Wakati anaondoka nilimsikia akimwambia bodaboda kwamba dalali wa mahakama atabandika tangazo la mnada wiki hii. Nikakaa chini pale pale jikoni.

Dada, kuna aya niliiruka. Jaji ameandika kwamba mfuko wa baba na wa kampuni ulikuwa mmoja, kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya kampuni. Deni litamfuata yeye mwenyewe, mpaka nyumba hii. Na mfano alioutoa ni mimi. Ng'ombe na ngoma za siku niliyotolewa mwali zililipwa na kampuni, na pilau lilikuwa mchele wa wakulima wale wale. Imeandikwa kabisa, mwali, binti wa mdaiwa. Ningeyatamkaje mambo ya unyago mbele ya baba, tumekaa mkeka mmoja? Nikafunua ukurasa mwingine.

Njoo, dada. Wewe umeshaolewa, ukimchukua na shangazi mnaweza kumwambia. Muda wa rufaa unakwisha. Usipofika Alhamisi nitamsomea mwenyewe, uso nimeugeuzia ukutani.

Msalimie shemeji, mtoto mpakate kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, hajui kitu. Leo asubuhi kapanda mchungwa uani.

Mdogo wako,
Muzdalifa