Msomaji Wangu wa Pili

Muthoni,

Nimekwama. Mvua imeharibu njia hapa Giakanja, kiti changu cha magurudumu hakifiki hata langoni, na tasnifu yangu imesimama pale pale ulipoiacha.

Msimamizi wangu chuoni anasema nitafute msomaji mwingine wa pili. Sheria unaijua: watu wawili wasome kila makala, kila mtu kivyake, kisha wakubaliane ipi iingie kwenye tasnifu na ipi itoke; wakishindwa, mtu wa tatu anawaamulia. Lakini wewe na mimi ndio tuliopekua hizo hifadhidata zote, tukiandika "ulemavu" na "urafiki" kwa kila namna, na kila tulichopata kilikuwa mzigo, huduma, gharama. Ukaniambia, "Aki Wambui, hawa wasomi hawana marafiki?" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Makala moja tu ilitushinda. Mwanamke asiyeona, na mwenzake anayemsomea magazeti, wananuniana, wanapatana. Mwandishi anamwita huyo mwenzake mhudumu, mwanzo hadi mwisho. Mimi nikasema itoke, urafiki haujatajwa popote. Wewe ukang'ang'ana, "Wee! Nani hununiana hivyo na mhudumu?" Tukaiweka kando. Kesho yake ukaugua, na wiki haikuisha ukawa umeniacha.

Ungesikia mazishi yako! Mzee aliyeongoza programu alishika kipaza sauti akasema ulikuwa na moyo wa huruma, ulimtunza yule mlemavu. Yule mlemavu ni mimi, nimekaa hapo mbele. Hakuna aliyenipa pole. Waliniuliza, "Sasa nani atakusukuma?" Ati nani atanisukuma! Nilitaka kuondoka, lakini nilikuwa nimebanwa katikati ya viti vya plastiki, hata kugeuka siwezi. Nani alikesha nawe ulipoachwa na yule mwanamume wa Endarasha? Si mimi? Basi nami nilikuwa mhudumu wako? Nina uchungu, Muthoni, na sina mahali pa kuupeleka.

Ile makala uliyoing'ang'ania nimeiingiza. Nimekubaliana nawe, na sitaki mtu wa tatu atuamulie.

Jumatatu huyo msomaji mpya anakuja. Nimekubali, nitafanyaje? Pumzika, mpenzi wangu. Ataniuliza nilikuwa nikisoma na nani. Nakuahidi, sitasema msaidizi wangu. Nitamwambia nimefiwa na rafiki, kisha nisifungue kompyuta mpaka aniambie pole.

Wambui