Choo chenu

Geno, ndio nimetoka kambini na yule dokta wa utafiti. Nimeshuka stendi ya Gungu, bado siamini.

Kasimama mbele ya wakimbizi, anarekebisha tai: "Bakteria wa tumboni wanatengeneza kemikali iitwayo histamini. Tunataka kuipima, tuone kama inafichua vinyama vinavyoota kwenye utumbo mpana kabla havijawa saratani. Kwa hiyo tutachukua choo chenu."

Choo chenu. Kaya kumi zinagombania kibanda kimoja cha turubai, anawaambia hivyo.

Bibi Nahimana, ambaye mumewe anatoka damu akienda haja, akauliza: "Mkikichukua, sisi twende wapi?"

Msomi akacheka. Hakufafanua, alicheka tu.

Wakimbizi wakaondoka wote bila kupimwa, hadi yule mumewe anayetoka damu.

Halafu tumbo likamvuruga dokta, akakimbilia kwa bibi kuomba choo. Bibi taratibu kabisa: "Mwanangu, si mmekichukua?"