Siku Tisa Bila Vidonge

Mersa, Hidar 8

Mdogo wangu Mestawet,

Salamu nyingi. Hujambo? Miguu haijavimba tena kwa kusimama huko kwenye mashine za kufulia za hospitali? Mimi nilifika salama kutoka huko kwako, ila nimechoka. Moyo haujabadilika, unaruka kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya kikapu, kisha unatulia, kisha unaruka tena.

Nikwambie kitu, usinicheke. Daktari wako Senait alipokuwa akieleza, nilitikisa kichwa tu. Ndiyo, ndiyo. Sikuelewa hata robo. Nilisikia vidonge, nikasikia umeme. Umeme gani, Mesti? Wataniunganisha na nguzo? Na jirani yangu Wude anasema hivi vidonge vya jioni ndivyo wanavyoulia panya. Nenda kamuulize upya, uniandikie kwa lugha ya watu.

Dada yako,
Alganesh


Addis Ababa, Hidar 19

Dada Alga mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na kula vizuri. Miguu yangu haijambo.

Nilimvizia daktari wakati wa chakula. Hakukasirika, akanichorea moyo nyuma ya karatasi. Homa ya koo uliyougua utotoni iliacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo, mlango ukawa mwembamba. Chumba kilicho nyuma yake kimetanuka, na sasa hakisukumi damu, kinatetemeka tu. Mabaya ni mawili. Moja ni hizo mbio unazozisikia. La pili hulisikii, na ndilo analoliogopa yeye: damu ikituama mle ndani inaganda, kipande kinachomoka, kinapanda kichwani.

Sasa njia. Unaweza kuuacha moyo upige ovyo, mradi usikimbie: kidonge cha asubuhi cha kuupunguza mwendo, na cha jioni cha kuzuia damu kuganda. Au wakulaze usingizi waupige umeme, sekunde moja tu, wala si nguzo. Huenda ukarudi kwenye mwendo wake, ila kwa mlango kama wako wengi hurudia hali ileile baada ya miezi. Au usubiri madaktari wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka kuupanua mlango. Jina lako nimeliandikisha, lakini foleni ni ndefu mno.

Nikamuuliza, "Na hicho kidonge cha jioni, anaachana nacho kwa njia ipi?"

Akasema, "Hakuna."

Mambo ya panya ni kweli, dawa ni ileile. Kwa hiyo kipimo cha damu ni lazima, kila wiki mbili, pale Dessie. Namba iwe kati ya mbili na tatu. Mboga za majani kula, ila kiasi kilekile kila wiki, zikizidi zinaipunguza dawa nguvu. Ukiona fizi zinatoa damu, kapime. Usiache mwenyewe.

Mdogo wako,
Mestawet


Mersa, Tahsas 3

Mesti wangu,

Salamu. Mfungo unaendeleaje huko? Huku tunakula shiro ya dengu na majani, majani na shiro.

Nimechagua umeme.

Usianze kubishana. Jumanne tulimzika mama yake Tsige, yule wa nyumba ya pili. Nilishindwa kupanda kilima cha kanisa. Nilikaa juu ya jiwe, jeneza likanipita, wanawake niliowazidi umri wakanipita. Mmoja akaniuliza, "Mama, tukutafutie punda?" Mimi, niliyekubeba mgongoni kutwa nzima ulipoungua mguu! Sitaki kuusikiliza huu moyo mpaka kufa. Waupige, utulie, niachane na vidonge vyao.

Namba yangu ya Dessie ilikuwa mbili na nukta tatu. Nesi alinisifu.

Dada yako,
Alganesh


Addis Ababa, Tahsas 14

Dada Alga,

Shikamoo. Huku baridi tu, mengine heri.

Sibishani. Nimekupatia siku: mwezi ujao, Tir 20. Lakini hukunisoma vizuri. Vidonge huachani navyo, hata umeme ukikubali. Na kabla ya siku hiyo ni wiki tatu mfululizo bila kuruka hata jioni moja. Daktari alinishika mkono aliposema hivi. Damu ikiwa imeganda mle ndani, halafu moyo ukashtuliwa ukaanza kusukuma, unakirusha kile kipande wenyewe.

Kipimo cha pili ulifanya? Hukuniandikia. Nitumie ile karatasi.

Mdogo wako,
Mestawet


Mersa, Tahsas 27

Mesti,

Salamu. Mimi mzima. Namba ni ileile, karatasi sijui nimeiweka wapi. Moyo umetulia sana siku hizi. Usinihangaikie, fanya kazi yako. Nimekutumia shiro kwa Mamo, dereva wa basi.

Alganesh


Addis Ababa, Tir 2

Dada Alga,

Shikamoo. Shiro nimepokea, Mungu akubariki. Barua yako sikuipenda. Wewe hujawahi kuniandikia mistari minne, wala kusahau kusema "dada yako".

Nilimuuliza Mamo. Anasema hujapanda basi lake kwenda Dessie tangu mwezi uliopita, na kwamba kila akipita huko asubuhi anakuona ukiteremka na dumu kwenda kwenye chemchemi ya maji ya baraka. Sikukatazi maji ya baraka. Hata daktari Senait anakwenda. Nataka kujua kama unayanywa pamoja na vidonge au badala ya vidonge.

Niambie ukweli. Sitakukaripia. Kama umeacha hata siku moja, tarehe itasogezwa mbele tu. Ukinyamaza, nitakuwa nimekuleta mimi mwenyewe kwa mkono wangu uje kufa. Ulinilea wewe, Alga. Sina mwingine.

Mestawet wako


Mersa, Tir 6

Mdogo wangu Mestawet,

Salamu, na unisamehe.

Sikwenda Dessie. Asubuhi moja fizi zilitoa damu, na pajani nikakuta weusi mkubwa kama sahani, wala sikujigonga popote. Nikaogopa. Wude akasema, "Si nilikwambia? Panya nao hufa hivyohivyo, damu inawamwagikia ndani." Nikaviacha vidonge Tahsas 20. Nikawa nakunywa maji ya baraka, na kweli moyo ukatulia, au nilidhani umetulia. Siku tisa.

Siku ya sikukuu ya Genna, ya kuzaliwa Bwana, nilikuwa nawamiminia kahawa wageni. Kikombe kikaniponyoka. Nikakitazama kule chini, nikajua ni kitu gani, lakini jina lake sikulipata. Wageni walikuwa wanacheka na kuzungumza, nami nikawa nasikia sauti tu, kama watu walio nyuma ya ukuta. Haikuchukua muda. Birika lilipochemka tena nilikuwa nimerudi kama kawaida, nikaokota vigae, nikasema mikono ina mafuta.

Sijamwambia mtu. Vidonge nimevirudia jioni ileile. Nitapanda basi Alhamisi ijayo, nije, uninunie tukiwa pamoja.

Dada yako,
Alganesh


Addis Ababa, Tir 8

Dada Alga,

Sina salamu ndefu leo. USISUBIRI ALHAMISI.

Nilimsomea daktari barua yako koridoni. Akasema kile hakikuwa kikombe, kilikuwa kipande kidogo kilichopanda kichwani kikayeyuka, na kwamba kikubwa huweza kufuata baada ya siku chache. Kidonge hakishiki siku ileile unayokirudia. Nenda hospitali ya Dessie leo, sasa hivi, ulivyo. Waambie moyo unapiga ovyo, waambie siku tisa, waambie kikombe. Habari za umeme zimekwisha, achana nazo.

Mamo anakuletea barua hii mkononi asubuhi. Anaendelea hadi Woldia, na mchana akirudi atapita kuchukua jibu. Nataka asikute jibu. Nataka akute mlango umefungwa na wewe umekwenda.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea, mtu yeyote akubebe. Mwambie Wude.

Mestawet wako


Mersa, Miyazia 17

Mesti

Hujambo. Mimi hai. Miezi mitatu sasa.

Mkono wa kushoto huu. Siku nne naandika. Maneno mengine Tsige ananisaidia, anataja, mimi nakubali kwa kichwa.

Vidonge nakunywa. Tsige ananitazama mpaka nimeze. Namba mbili na nukta sita. Moyo bado unaruka. Uruke tu.

Ulikaa kwangu wiki tatu. Ulikuwa ukiniuliza, Alga, barua uliipata? Nilikuwa nalia tu. Ulidhani sielewi. Naelewa. Sasa nakujibu.

Mamo aliniletea asubuhi. Niliisoma yote. Nikaisoma tena nimesimama. Nikajitanda shema mabegani. Nikachukua pesa za basi. Nikafika mlangoni. Mguu wa kulia haukuja.

Wude alikuwa uani anaanika pilipili. Akakimbia. Wanawake wakaja. Barua ilikuwa hapa, mkononi. Wao hawasomi.

Nilijua la kusema, Mesti. Lilikuwa kichwani, zima. Nipelekeni Dessie.

Nikafungua mdomo nikasema, chumvi.

Wakaniletea chumvi. Nikasema hapana kwa kichwa, nikasema tena, chumvi. Wude akasema, anataka zaidi, maskini. Wakaleta bakuli. Nikapiga kelele, chumvi, chumvi. Jua likapanda. Wakaikoroga kwenye maji, wakaninywesha kidogokidogo, kwa upole, mpaka Mamo aliporudi kuchukua jibu.

Dada yako