Chokaa Juu ya Jina Lako

Frere Town, Kisauni

Mdogo wangu Wakesho,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku kwenye joto. Magoti yako yanasemaje na baridi ya mlimani? Mimi nipo. Kifua kinanisumbua, ila mkono bado unashika kalamu.

Umeniandikia kwamba umemkataza mjukuu wako Mghoi kuingia kikundi cha maigizo shuleni. Ukasema, "Damu yetu haina kipaji. Mimi nilifutwa ukutani." Neno hilo limeninyima raha, na sasa lile jumba letu la michezo kule kisiwani limebomolewa. Nivumilie nikueleze.

Jumba lile wakoloni walijijengea wenyewe. Sisi tulipita mlango wa nyuma, tena na fagio. Baada ya uhuru tukaingia kwa mlango wa mbele, tukaigiza kwa Kiswahili, watu wakatoka Likoni na Changamwe kuja kutazama. Ndipo ulipoanza ule utaratibu wa ukuta wa nyuma ya jukwaa: anayeshika nafasi kuu kwa mara ya kwanza huandika jina lake kwa rangi, na aliyeliaibisha jumba, jina lake hupakwa chokaa. Baadaye paa likavuja, wahubiri wakapanga, kisha likawa ghala la magodoro. Sasa yanakuja maduka.

Jumatatu nilivuka daraja la Nyali kwenda kulitazama mara ya mwisho. Unyevu ulikuwa umebambua chokaa, na jina lako lilikuwa wazi, jekundu, herufi zako zilezile za kulalia kushoto. Fundi mwenye nyundo akanicheka.

"Mzee, huyo Wakesho alikukimbia, nini?"

"Ni dada yangu."

"Basi muage, mzee wangu. Ukuta huu haufiki adhuhuri."

Haukufika.

Wakesho, hukufutwa na wakubwa wa jumba. Nilikufuta mimi. Unakumbuka ni mimi niliyechora mandhari za jukwaani, na funguo nilikuwa nazo. Baba alishuka kutoka nyumbani, akasimama mbele ya ukuta ule, akasema, "Binti yangu hataandikwa ukutani kama tangazo la sabuni. Wewe ndiye mkubwa." Nikachovya brashi. Kesho yake ukaniuliza, "Kaka, nani kanifuta?" Nikakujibu, "Wakubwa. Wameona hufai." Ukafunga sanduku lako, nami nikakusindikiza hadi kituo cha basi, chokaa ingali kwenye kucha zangu.

Baba nilimzika bila kumwuliza kitu. Wewe nimekuacha uamini uongo wangu mpaka umezeeka. Hukuliaibisha jumba. Onyesho lako la kwanza lilipokwisha watu walisimama wote, na mimi nilisimama nao. Sikuwahi kukwambia.

Nisalimie shemeji, na mdogo wetu wa mwisho, mwalimu wa katekisimu. Yeye hakujua lolote, usimlaumu. Msalimie pia binti yako, mama yake Mghoi.

Sikuombi uniandikie kwamba umenisamehe, maana huenda hujanisamehe. Naomba moja tu: Mghoi akirudi kukuomba ruhusa, mpe. Usiishike ile brashi niliyoishika mimi.

Kaka yako,
Mwakio