Mbuzi Langoni mwa Kambi

Mowlem, Nairobi

Kwako Wanjiru, mtoto wa mama yangu,

Hilo goti limeacha kukusumbua? Na shemeji yangu, bado anakoroma kanisani? Huku tuko wazima, na nina habari iliyonijaa mpaka kooni. Anayeniandikia ni Nyambura, mke wa mjukuu wangu Kamau. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie adabu nisiyokuwa nayo.

Uliponiambia kwa simu nimlete Kamau huko umfiche shambani kwenye majani chai, nilijua unampenda. Lakini ushauri wenyewe ulikuwa wa kipumbavu, mdogo wangu, na sikuufuata.

Unajua Nyambura alipokimbizwa hospitali kabla ya wakati wake, Kamau aliomba ruhusa jeshini akaambiwa asubiri. Hakusubiri, alitoroka akaja. Mtoto akazaliwa salama, msichana, na anavyolia utadhani mhubiri wa sokoni. Ndipo Kamau akaingiwa na woga wa kurudi. Kila siku ni kesho. Majirani wakamshauri achome sare zake ahamie mbali. Mimi nikazifua zile sare, nikazipiga pasi, na buti nikazisugua mpaka nikaona pengo langu ndani yake.

Kisha nikafikiri kama tulivyolelewa. Mke akikimbia boma lake, harudi peke yake kama kuku aliyepotea. Anarudishwa na mtu mzima, na mbuzi wa kuomba radhi. Basi nikaenda soko la mbuzi la Kiamaiko, nikachagua beberu mweupe mnene, tukapanda pikapu ya jirani, mimi, Kamau na mbuzi, hao kambini.

Askari wa langoni alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia shosho, mbuzi haingii hapa. Nikamwambia hata mimi sijaja kula, nimekuja kurudisha mtoto wa watu, aniitie mkubwa wake.

Mkubwa akatoka, mtu mzima mwenye mvi. Hakucheka. Nikamuuliza huyu wangu anaitwaje sasa, maana mtaani kila mtu alikuwa na jina lake: mwasi, mhaini, mfungwa. Jeshini wana neno la Kizungu ambalo ulimi wangu ulilikataa, akanieleza kwa Kiswahili.

“Mama, anayeondoka bila ruhusa na bado ana nia ya kurudi, huyo ni mtoro. Ana kosa, ataadhibiwa. Anayeondoka akiwa amekata shauri harudi tena, huyo amelihama jeshi. Hilo ni jambo lingine kabisa.”

“Na huyu wangu ni yupi?”

Alimuuliza Kamau sare zake ziko wapi. Nikafungua leso yangu nilimozifunga pamoja na buti. Alitazama ile mistari ya pasi, Wanjiru, akapitisha kidole kwenye buti, kisha akaniambia mtu asiyetaka kurudi hapigi pasi.

Pasi ilikuwa yangu! Lakini nilifunga mdomo, na unajua mimi kufunga mdomo si kazi ndogo. Kamau ndiye aliyesema. Akamwambia sare alizihifadhi nyanya yake, lakini miguu iliyomleta ni yake. Mkubwa akaitikia kwa kichwa.

Amefungiwa kambini na atatumikia adhabu yake, lakini kazini hajafukuzwa! Jana alipiga simu, Nyambura akalia, mtoto akalia, mimi nikaimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Yule mbuzi, kambini walimkataa. Yuko hapa mlangoni anakula sukuma wiki ya watu. Tutamchinja siku Kamau atakapokuja kwa likizo yenye karatasi, na wewe uwepo umshike mtoto. Lakini umuage mzee wako kwanza, usije ukaniletea utoro mwingine nyumbani.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako asiyenipenda, na mwanao fundi wa baiskeli.

Ni mimi dada yako mkubwa, Wangari, ambaye bado niko duniani kwa ruhusa.